Sura ya Saba: Tundu Sita, Tundu Tano

Tairi la kwanza lilipasuka tukiwa tumetoka tu Kogatende, na halikumshtua mtu. Dereva wetu, kijana wa Tarime, alizunguka gari akitazama nyasi kwanza, ndipo akatazama gurudumu. Akafunga tairi la akiba, tukaendelea. La pili lilitoboka kabla ya saa sita mchana, kwenye mawe makali ya korongo kavu, na hapo kimya kikaingia garini. Hatukuwa na la tatu. Simu hazikushika mtandao. Kaskazini mwa Serengeti, nje ya msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara, unaweza kukaa nusu siku bila kusikia mlio wa injini.

Ilipita saa moja na zaidi. Ikaja Land Cruiser kuukuu, rangi imeliwa na jua, dereva wake mzee aliyevaa kofia ya sufu licha ya joto. Kijana wetu alimkimbilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Kuna nini?"

"Pancha mbili, mzee. Naomba uniazime spea mpaka Ikoma, nikurudishie leo hii."

Mzee hakujibu. Alishuka, akaja mpaka kwenye gurudumu letu lililolala chali majanini, akainama na kuhesabu kwa kidole. "Tano," alisema. Kisha akaonyesha spea yake iliyofungwa nyuma ya gari. "Yangu sita. Hizi si za ukoo mmoja."

Magari mawili ya kampuni moja, jina moja, sura karibu moja, yamekutana mahali ambapo hakuna jingine la kuliita, na gurudumu la hili haliingii kwenye lile. Neno alilolitumia mzee, ukoo, lina uzito kwa Wakurya. Ukuryani mtu hujulikana kwa ukoo, awe wa Wairege, Wanyabasi, Wakira au Wanchari, na ukishaujua ukoo wa mtu unajua unaweza kumwomba nini na yeye anakudai nini. Magurudumu nayo yana koo zake. Zilianza mbali sana na Mto Mara, katika viwanda vya Marekani, na hadi leo ndizo zinazoamua nani anaweza kumsaidia nani barabarani kati ya Sirari na Seronera.

*

Seronera, ambayo leo ni kitovu cha utalii na iko ndani ya Wilaya ya Serengeti, ilifikiwa na gari mwaka 1920. Aliyelileta alikuwa mwindaji Mmarekani, Leslie Simson, na gari lenyewe lilikuwa Ford. Huwa nalifikiria gari hilo kila ninapoona foleni ya Land Cruiser chini ya mti mmoja zikimtazama chui. Simson alikuja bila barabara, na kila tairi lililotoboka walilitengeneza yeye na wenzake kwa mikono yao.

Ford ya miaka hiyo, Model T, ilikuwa na magurudumu ya mbao, spoku nene kama za mkokoteni. Kabla ya 1919 rimu haikufunguka kutoka kwenye gurudumu. Ukipata pancha, unainua gari kwa jeki, unavua tairi palepale, unaziba tyubu na kujaza upepo kwa pampu ya mkono. Kuanzia 1919 mnunuzi aliweza kulipia rimu za kufunguka, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Magari ya rimu zisizofunguka yaliyotoka katika viwanda vya Marekani yalikuwa na matairi ya inchi 30 kwa 3 mbele na inchi 30 kwa 3 na nusu nyuma. Rimu ya mbele ilikuwa na kipenyo cha inchi 24, ya nyuma inchi 23. Gari moja, na tairi la mbele haliwezi kwenda nyuma! Kiwanda cha Ford cha Kanada, ambacho ndicho kilichokuwa na haki ya kuuza katika makoloni ya Waingereza, kiliweka 3 na nusu pande zote nne. Kwa mtu aliye porini tofauti hiyo ilikuwa na thamani kuliko nguvu ya injini, maana tairi moja la akiba liliweza kuokoa magurudumu yote manne.

Wamarekani waliendelea kutengeneza magari kwa mamilioni, na kila kampuni ikachagua mduara wake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Gurudumu hufungwa kwenye habu kwa stadi, yaani zile bolti zilizosimama, na stadi hupangwa kwenye mduara. Unahesabu stadi, unapima kipenyo cha mduara unaopita katikati yake, na tayari umeujua ukoo. Ford na wengi wa kundi la Chrysler walipenda stadi 5 kwenye mduara wa inchi 4 na nusu. Chevrolet walichagua inchi 4 na robo tatu kwa magari yao ya kawaida, na kwa yale makubwa wakahamia inchi 5 kuanzia 1971. Plymouth na Dodge ndogo zilibaki na inchi 4 hadi 1972. Ndiyo maana mtu anayefufua Mustang ya 1965 au Chevelle ya 1969 huko Marekani hutembea na orodha mfukoni: rimu hii inakubali gari lipi, inakataa lipi.

Magari hayo hayakuwa mageni kabisa kwetu. Mwaka 1964 Mercury Comet zilishindana katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, zikaonja vumbi na tope letu pamoja na Peugeot na Ford Cortina. Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi wa Mara wanalikumbuka kwa heshima, lilikuwa na nati 3 tu kwa kila gurudumu. Mwenye 404 hakuazimwa gurudumu ila na mwenye Peugeot mwenzake.

Sasa badili inchi ziwe milimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Inchi 4 na nusu ni 114.3. Inchi 5 na nusu ni 139.7. Inchi 6 na nusu ni 165.1. Fundi yeyote wa Tarime anayeuza rimu za mtumba anazijua namba mbili za kwanza, hata kama hajawahi kujiuliza kwa nini Mjapani, anayepima kila kitu kwa milimita, alichagua namba yenye mkia wa nukta tatu au nukta saba. Hakuichagua. Aliirithi.

Jeep ya Willys, iliyoingia vitani 1941, ilikuwa na stadi 5 kwenye mduara wa inchi 5 na nusu na rimu za inchi 16. Vita ilipokwisha, kila aliyetaka kutengeneza gari la porini aliitazama Jeep. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilijenga jaribio lake la kwanza la Land Rover juu ya chasisi ya Jeep, 1947. Toyota ilitoa gari lake la kufanana na Jeep mwaka 1951, na 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Land Cruiser tulizozijua baadaye zilisimama kwenye stadi 6 na mduara wa inchi 5 na nusu, mduara uleule wa pikapu za Chevrolet. Suzuki wakabaki na stadi 5 kwenye inchi 5 na nusu, kama Jeep yenyewe, na mduara huo uko kwenye Jimny na kwenye Escudo za zamani. Ford Bronco ya 1966 ina mduara huohuo. Kwa hiyo ile Escudo inayopandisha mlima kuelekea Nyamwaga na Bronco inayong'arishwa kwa ajili ya maonyesho California ni za ukoo mmoja.

Na Noah? Noah ina stadi 5 kwenye 114.3. Ni mduara wa Mustang.

*

Hapa lazima niseme jambo ambalo limewagharimu watu magari na hata maisha. Tundu kukutana na stadi ni mlango tu. Kuna watu wanaojaribu rimu, wakiona imepanda wanafurahi, wanakaza na kuondoka. Kupanda si kukaa.

Chukua hiyo Noah na Mustang. Rimu ya Noah ina tundu la kati la milimita 60. Habu ya Mustang ina kipenyo cha kama milimita 70. Rimu ya Noah haitaingia hata ukiipiga nyundo. Geuza upande wa pili: rimu ya Mustang inaingia kwenye Noah kwa urahisi, na huo urahisi ndio mtego, maana inapwaya kama milimita 5 kila upande wa habu. Kilichobaki kuiweka katikati ni nati peke yake. Na kina chake hakilingani pia: rimu ya Noah uso wake wa kufungia umesogea kama milimita 50 kuelekea nje kutoka katikati ya upana, ili tairi likae ndani ya mwili wa gari, wakati rimu ya Mustang iko karibu na katikati kabisa. Ukiifunga kwenye Noah, tairi linachomoza nje, linakwaruza madigadi kwenye kona, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu ambao haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Mugumu ni Hilux na Pajero. Zote stadi 6, zote 139.7. Habu ya Hilux inataka tundu la kati la milimita 106. Rimu ya Pajero ina 67. Nimemwona mtu amebeba rimu ya Pajero kwenye bodaboda kutoka kijiji cha mbali, amelipa nauli ya kwenda, akalipa na ya kurudi, kwa sababu aliyemwelekeza alihesabu tundu akaishia hapo.

Kisha kuna nati, na nati ndizo ninazoziogopa kuliko vyote. Stadi za Toyota nyingi zina unene wa milimita 12, na uzi wake unapanda milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Za Nissan zina unene uleule wa 12, lakini uzi unapanda milimita 1.25. Ukiichukua nati ya Patrol na kuiweka kwenye stadi ya Hilux, itashika mizunguko miwili ya kwanza kwa mkono, itakuwa ngumu, na kijana mwenye nguvu atadhani ni kutu. Ataipa spana, ataikanyaga, na uzi utaliwa. Honda nao wana milimita 12 na 1.5 kama Toyota, nati inapanda vizuri kabisa, ila uso wake wa kukalia ni wa mviringo kama gololi, wakati rimu ya chuma ya Toyota ina shimo la umbo la koni. Vinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Inakazika leo, kesho imelegea.

Wenye magari ya kale ya Kimarekani wana mtego mbaya zaidi. Stadi za Ford ni nusu inchi, milimita 12.7, na nyuzi 20 kwa kila inchi, yaani uzi unapanda milimita 1.27. Linganisha na 1.25 ya Nissan. Nati ya Ford inapanda kwenye stadi ya Nissan kwa ulaini wa kudanganya, kwa sababu hatua za uzi zinakaribiana na nati ni pana kidogo. Imeshika kwa ncha za uzi tu. Sijui maneno makali kiasi gani yanatosha kumzuia mtu asifanye hivyo.

Watu wengi hudhani stadi ndizo zinazobeba gari. Kazi ya stadi ni kuvuta. Nati inapokazwa, stadi inanyooka kwa kiasi kidogo sana, kama mpira uliovutwa, na mvuto huo unaibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari, mzigo na breki. Ndiyo maana tope lililokauka kati ya rimu na habu ni adui, na rangi nene mpya iliyopakwa kwenye uso wa kufungia ni adui pia. Tope hutoka, rangi husagika, nafasi inabaki, mvuto unapotea. Kuanzia hapo rimu inacheza, tundu zinapanuka kuwa yai, na stadi zinakatika moja baada ya nyingine. Kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, wakati wa masika, hakuna habu isiyo na tope. Brashi ya waya ni kifaa cha uhai kama jeki. Kupitia nati upya baada ya kilomita 50 hadi 100 ni sehemu ya kazi ileile ya kufunga gurudumu.

Hata upande wa kuzungushia nati una historia yake. Dodge na Plymouth za Marekani, hadi karibu 1970, zilikuwa na uzi wa kinyume upande wa kushoto wa gari: unafungua kwa kuzungusha kuelekea kulia. Malori mengi ya Kijapani, Fuso na Isuzu zinazoshusha ndizi na mahindi Tarime, yana desturi hiyohiyo. Herufi L imechongwa kwenye kichwa cha stadi za kushoto, R kwenye za kulia. Utingo mgeni asiyeijua herufi hiyo husimama juu ya spana, anaruka, na kila mruko unakaza zaidi hadi stadi inakatika kwa mlio kama wa risasi.

*

Turudi kwa Toyota, maana nao ndio wanaotawala wilaya za Tarime na Serengeti. Kwa zaidi ya miaka 30, Land Cruiser za kazi zilikuwa za tundu sita: ile ya 40 iliyoanza 1960, ya 60, ya 70 iliyoanza 1984, ya 80. Hilux nayo, Prado nayo, hata Hiace za abiria. Mtu aliyeharibikiwa Fort Ikoma aliweza kusaidiwa na gari la misheni, la idara ya maji, la mfanyabiashara wa Nyamongo. Kulikuwa na tofauti za kina na upana, lakini kwa kufika nyumbani zilisaidiana. Ulikuwa ujirani mkubwa wa chuma, na nadhani hatukuuthamini mpaka ulipovunjika.

Mwaka 1998 ilikuja Land Cruiser 100, ambayo mjini ilirithi jina la shangingi, ikiwa na tundu tano kwenye mduara wa milimita 150. Namba nzima, ya milimita, bila inchi ndani yake. Mwaka uliofuata, 1999, ile ya 70 ikafuata njia hiyo. Hiyo ndiyo mkonga tunayoijua leo, iliyopewa jina kwa ajili ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Polisi wanayo, migodi inayo, hospitali zinayo, na karakana za Arusha huirefusha kwa ajili ya watalii. Siku ilipobadilika, magari mapya na ya zamani ya jina moja yaliacha kuazimana.

Nimesikia mara nyingi vijiweni kwamba tundu tano ni udhaifu, kwamba Mjapani alipunguza chuma ili apate faida. Si kweli, na hesabu yake ni rahisi. Stadi 6 za zamani zilikuwa za milimita 12. Stadi 5 mpya ni za milimita 14. Ukijumlisha eneo la chuma kilichokatwa upande, tano nene zinazidi sita nyembamba. Gari lilikuwa limekuwa zito, injini zimekuwa na nguvu, na mduara mpana wa 150 unagawa mzigo vizuri. Mhandisi alifanya kazi yake sawasawa. Ila mhandisi hakuwa amekaa kwenye korongo kavu akisubiri gari la pili lipite.

Mwaka 2021 ilipotoka Land Cruiser 300, tundu zilirudi sita na mduara ukarudi 139.7. Wapo waliodhani ujirani umerudi. Lakini tundu la kati la rimu zake ni milimita 95, na habu ya Hilux bado ni 106. Rimu mpya haiingii kwenye gari la zamani, na ya zamani inapwaya kwenye jipya.

Ndani ya tundu tano zenyewe mambo si shwari pia. Rimu ya shangingi aina ya V8 ina tundu tano na 150 kama mkonga, nati ni zilezile za milimita 14. Lakini kina chake ni milimita 60, na rimu ya chuma ya mkonga iko karibu na sifuri. Ukifunga rimu ya V8 kwenye mkonga, tairi linaingia ndani sana, kuelekea springi na viungo vya usukani. Watu huweka spesa, bamba nene kati ya habu na rimu. Spesa nzuri, iliyokerezwa kwa usahihi na kukaa sawasawa kwenye habu, inafanya kazi. Zile zinazochongwa kwa kukadiria, au rimu iliyozibwa tundu kwa kuchomelewa na kutobolewa upya ili ibadili ukoo, sitazipanda wala sitamruhusu ninayempenda azipande.

Land Rover walikaa pembeni ya ugomvi huu wote. Tangu 1948 walishika stadi 5 kwenye inchi 6 na nusu, 165.1, na magari yao ya kazi hayakuuacha mduara huo hadi Defender ya mwisho ya muundo wa zamani ilipotoka kiwandani Solihull Januari 2016. Miaka 68! Range Rover za kwanza na Discovery ya kwanza zimo katika ukoo huo. Zipo tahadhari, maana stadi za mwanzo zilikuwa nyembamba kuliko za baadaye na kina kilibadilika, lakini sijui ukoo mwingine wa magurudumu uliodumu hivyo bila kuhama. Mwenye Land Rover ya kale huko Mugumu ana haki ya kujivunia hilo. Discovery 2 ilijitenga ikaenda kwenye milimita 120, na hapo ikajikuta jirani wa hatari wa Chevrolet za zamani, ambazo inchi zao 4 na robo tatu ni milimita 120.65. Tofauti haifiki milimita moja. Rimu itapanda, nati zitaingia kwa kulazimishwa, na kila nati itavutwa upande maisha yake yote.

Jicho haliwezi kuona tofauti kama hiyo, kwa hiyo upime. Kwa tundu sita au nne ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili. Kwa tundu tano hakuna linalokabiliana, na hapo ndipo wengi hupotea. Pima katikati ya tundu mbili zilizo jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Kipimo cha majirani kabla ya kuzidisha kikiwa 67, mduara ni 114.3. Ukipata 82, ni 139.7, Escudo ya zamani au Jeep. Ukipata 88, ni 150, mkonga au shangingi. Ukipata 97, umeshika Land Rover. Rula ya chuma ya mwanafunzi inatosha kuzitofautisha hizo. Kwa 120 na 120.65 haitoshi, na hapo uliza gari lililotoa rimu, usiulize rula.

*

Mzee wa kofia ya sufu alikuwa bado ameinama. Alipitisha kiganja ubavuni mwa tairi letu lililokufa, akasoma maandishi kwa sauti ndogo. Akaenda kwenye spea yake, akasoma na hiyo.

"Mura, yako inasemaje?"

"Saba nukta hamsini, kumi na sita, mzee."

"Na yangu hivyohivyo. Lete jeki ndefu."

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Rimu hazikuwa za ukoo mmoja, lakini matairi yote yalikaa kwenye kipenyo cha inchi 16, inchi zilezile za Jeep ya 1941 na za Land Rover ya kwanza. Tundu zilibadilika, mduara ukabadilika, stadi zikanenepa, na mdomo wa tairi haukuguswa.

Walilaza rimu yetu chini ya bampa, wakaweka mguu wa jeki kwenye ubavu wa tairi, uzito wa gari ukausukuma mdomo hadi ukaachia kwa mlio mzito. Wakafanya hivyo na spea ya mzee. Niliagizwa kusimama juu ya boneti nitazame pande zote, na nikatazama kwa bidii yote niliyonayo. Chini yangu walifanya kazi bila kuzungumza sana, kila mmoja na pao lake, wakivua matairi mawili kutoka kwenye chuma cha koo mbili. Mzee alipangusa ndani ya rimu yetu kwa shati lake kuukuu, akatoa kipande cha jiwe, akaingiza tyubu yake, akaagiza ipulizwe kidogo kwanza ili isikunjamane. Kisha tairi lake likapanda kwenye rimu yetu ya tundu tano kama lililotengenezwa kwa ajili yake. Pampu ilichukua muda mrefu kuliko vyote.

Kijana alitaka kulipa. Mzee alikataa, akafunga rimu yake tupu ya tundu sita nyuma ya gari, inang'aa juani kama sahani.

"Tairi langu nitalikuta wapi?"

"Mugumu, mzee, kwa fundi pancha wa pale stendi. Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi," alisema mzee, akawasha injini.

Kwenye lango la Ikoma, kijana alishuka na spana kabla hajashuka mtu mwingine. Alipitia nati moja baada ya nyingine, kwa kuruka kama nyota. Nne hazikusogea. Ya tano ilienda robo mzunguko.

"Tope," alisema, akaikaza, akapanda.